Lisemwalo na tarakilishi si lazima liwepo

WAHENGA walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo imewafaa wengi katika mambo ya siasa na ya mtaani. Lakini kuna mahali pamoja ambapo inawaponza watu siku hizi, napo ni pale tarakilishi inapojichunguza yenyewe na kutangaza kwamba inaugua ilhali ni nzima.

Jambo hili limejitokeza wazi zaidi tangu kuenea kwa tarakilishi ndogo za kuchezea michezo, zile za kushikwa kwa mikono miwili. Steam Deck ya kampuni ya Valve ilianza kuuzwa Februari 2022. ROG Ally ya ASUS ilifuata Juni 2023, toleo lake la juu likiuzwa dola 699 nchini Marekani, na kabla ya mwaka huo kwisha Lenovo ikatoa Legion Go.

Umbo la vifaa hivi lisimhadae mtu. Ndani ya kila kimoja mna prosesa, ambayo ndiyo ubongo wake, pamoja na kumbukumbu, diski, betri, feni na vihisi vya joto. Ni tarakilishi kamili kama ile ya ofisini, ila kila kitu kimebanwa katika nafasi isiyozidi sana ya kitabu.

Na kama tarakilishi nyingine, vifaa hivi huweza kuchunguzwa kwa programu maalum. Mwenye kifaa hubonyeza kitufe, akasubiri dakika chache, kisha akaambiwa kama betri, diski, kumbukumbu na feni viko salama au la.

Tatizo ni kwamba mara nyingine programu hizo husema yasiyokuwepo. Mara nyingi huwa hazina nia mbaya, ingawa tutaona kwamba hata uongo wa kukusudia umewahi kutokea. Kifaa kilichokuwa kikiendesha mchezo bila kukwama dakika kumi zilizopita hutangazwa kwa maandishi mekundu kuwa kina hitilafu. Mwenyewe huanza kuwaza kukirudisha dukani, kukipeleka kwa fundi au kununua kipuri.

Ndiposa suala hili halifai kuachiwa vijana wapenda michezo peke yao. Kiini chake ni hiki: ni nani mwenye mamlaka ya kusema kitu kimeharibika, na ni nani anayelipa ikibainika kwamba hakikuwa kimeharibika?

Daktari asiyemwona mgonjwa

Programu ya uchunguzi haioni hitilafu kwa macho. Inachofanya ni kuuliza swali, kupokea jibu kwa tarakimu, na kulinganisha jibu hilo na kiwango kilichowekwa na yule aliyeiandika. Jibu likipita kiwango, hitilafu hutangazwa. Basi.

Hapo ndipo kosa la kwanza huingia. Kiwango kilichowekewa tarakilishi ya mezani, yenye nafasi ya kupitisha hewa na umeme wa moja kwa moja, hakiwezi kuwa haki kwa kifaa kidogo kinachotegemea betri. Prosesa ya kifaa cha mkononi imeundwa kustahimili joto, na joto likizidi hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kupunguza kasi huko ni kinga. Programu isiyolijua hilo huihesabu kinga kuwa ugonjwa.

Kosa la pili linatokana na usingizi. Ili kuokoa chaji, baadhi ya sehemu za vifaa hivi huzimwa kwa muda zisipotumika. Programu ikibisha hodi wakati sehemu fulani imelala, na isijibiwe mapema, huweza kuandika kwamba sehemu hiyo haipo au imekufa. Kumbe ilikuwa imelala tu, na ingeamka baada ya muda mfupi.

Kosa la tatu ni la betri. Kiasi cha chaji kinachoonyeshwa kwenye skrini hakipimwi kama maji mtungini. Hukadiriwa kutokana na umeme ulioingia na uliotoka, nguvu yake na joto la betri. Makadirio hayo hupotoka polepole, hasa kifaa kikikaa kwa muda mrefu kikiwa kimechomekwa kwenye umeme. Matokeo yake, betri nzima huweza kuripotiwa kuwa imechakaa. Ikishajazwa kabisa na kutumiwa hadi kukaribia kwisha, ripoti nayo hubadilika.

Kosa la nne ni kusoma tarakimu bila kujua maana yake. Diski hutunza kumbukumbu za afya yake kupitia mfumo uitwao SMART, lakini maana ya baadhi ya tarakimu hizo hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Diski za kuzunguka za Seagate, kwa mfano, zinajulikana kwa kuonyesha tarakimu kubwa ajabu kwenye safu ya makosa ya kusoma hata zikiwa mpya, kwa kuwa tarakimu hiyo hujumuisha pia idadi ya kazi zilizofanywa. Asiyejua huona mamilioni ya makosa mahali ambapo hapana hata moja.

Vivyo hivyo, kuna hesabu ya makosa ya kusafirisha data kati ya diski na tarakilishi. Hesabu hiyo ikipanda, mara nyingi mkosaji ni waya, lakini jina linaloandikwa kwenye ripoti ni la diski. Ni sawa na askari kumkamata mwenye nyumba kwa sababu mlango wake umevunjwa.

Wakubwa wenyewe wamekiri

Msomaji asidhani kwamba haya ni madai ya mafundi wa vichochoroni. Microsoft, ambayo mfumo wake wa Windows ndio uliokuja na ROG Ally na Legion Go zilipozinduliwa, imekiri mara kadhaa kwamba mfumo huo hutoa ujumbe wa makosa yasiyo na maana.

Ndani ya Windows mna daftari la matukio ambamo mfumo huandika kila kinachotokea. Kwa miaka mingi daftari hilo limekuwa likijaa ujumbe nambari 10016. Maelezo rasmi ya Microsoft ni kwamba ujumbe huo unaweza kupuuzwa bila wasiwasi, kwani haudhuru kazi ya tarakilishi na umo humo kwa mpango wa waundaji wenyewe.

Machi 2023, watumiaji wa Windows 11 walianza kuonywa kwamba kinga inayolinda siri zao za kuingilia imezimwa, hata pale ilipokuwa imewashwa. Kampuni iliwashauri waupuuze ujumbe huo.

Aprili 2025, sasisho la sehemu inayotumiwa kuokoa tarakilishi iliyokwama lilionyesha kwamba limefeli, likaambatana na nambari ya kosa 0x80070643. Microsoft ilieleza kuwa ujumbe huo haukuwa sahihi. Na Julai 2025 ikawaambia watumiaji wapuuze ujumbe mwingine wa kosa, safari hii kuhusu ukuta unaochuja mawasiliano ya intaneti.

Tazama mtego uliopo hapa. Kwa miaka mingi wananchi wamefunzwa kwamba ujumbe wa hatari haupuuzwi, kwamba anayeupuuza ndiye anayeibiwa pesa na picha zake. Leo wanaambiwa kuwa baadhi ya ujumbe huo upuuzwe. Ikiwa muundaji mwenyewe hulazimika kutoa tangazo ili kusahihisha mashine yake, mnunuzi wa kawaida aliye nyumbani kwake atajuaje upi ni upi?

Hofu ilipogeuzwa bidhaa

Pengo hilo la ujuzi ndilo lililowavutia wafanyabiashara wasio na haya. Kesi inayofaa kukumbukwa ni ile ya maduka ya Office Depot nchini Marekani.

Machi 2019, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo (FTC) ilitangaza kuwa Office Depot ingelipa dola 25 milioni, na Support.com, iliyotoa programu ya uchunguzi, dola 10 milioni, ili kumaliza madai kwamba ziliwahadaa wateja kwa miaka kadhaa.

Kwa mujibu wa tume hiyo, wateja walialikwa kuleta tarakilishi zao ili zichunguzwe. Kabla ya uchunguzi kuanza waliulizwa maswali manne mepesi: je, imepunguza kasi, hukwama, imekuwa ikionya kuhusu virusi, au hutokewa na matangazo yasiyoitwa? Ilitosha mteja kuitikia moja tu. Programu ingesema kwamba imepata dalili za virusi, hata kama uchunguzi wenyewe haukupata kitu. Mteja akauziwa ukarabati uliogharimu mamia ya dola.

Kwa maneno mengine, ripoti ilikuwa imeandikwa kabla ya uchunguzi kufanywa. Hata hivyo mteja aliiona skrini ikihesabu, mistari ikisonga na majibu yakijitokeza, akaamini kwamba mashine haina sababu ya kumdanganya.

Siri ilifichuka 2016 waandishi wa kituo cha televisheni cha KIRO cha mjini Seattle walipopeleka tarakilishi mpya kabisa katika maduka hayo. Katika maduka manne kati ya sita waliambiwa kuwa zina dalili za virusi. Baadaye tume ilianza kuwarudishia wateja fedha zao, jumla ikiwa zaidi ya dola 34 milioni.

Matapeli wa simu nao hawakuachwa nyuma. Mbinu yao ni kumpigia mtu wakijidai kuwa mafundi wa Microsoft, kisha kumwelekeza afungue lile daftari la matukio. Humo hamkosi maandishi mekundu, hata katika tarakilishi iliyonunuliwa jana. Tapeli humwambia kuwa hayo ndiyo makucha ya virusi, naye akalipa. Oktoba 2012, tume hiyo hiyo ya FTC ilitangaza kesi sita dhidi ya makundi yaliyotuhumiwa kuendesha utapeli wa aina hii.

Hapo tunaona uhusiano ambao wengi hawautambui. Ujumbe wa kosa usio na madhara, ulioachwa na mwandishi wa programu kwa sababu hakuona haja ya kuuondoa, huja kuwa chambo mikononi mwa mwizi.

Fundi naye akitoa ripoti

Kuna wanaosema kwamba suluhisho ni kumwachia mtaalamu. Lakini mtaalamu naye ana maslahi yake, hasa akiwa ni yule yule aliyeuza kifaa.

Julai 2023, ASUS ilikiri kwamba kisoma kadi cha ROG Ally kingeweza kuharibika kutokana na joto, ikaahidi kurekebisha mwendo wa feni. Hebu fikiria hali ya mtumiaji kabla ya taarifa hiyo kutolewa. Aliyeambiwa na kifaa chake kwamba kadi haisomeki angeweza kuilaumu kadi, akaitupa na kununua nyingine. Ripoti haikuwa ya uongo mtupu, kwani kadi haikusomeka kweli. Lakini ilimnyooshea kidole asiyehusika.

Mei 2024, Gamers Nexus, kundi linalojulikana kwa kupima tarakilishi na kutangaza matokeo yake, lilieleza yaliyolikuta lilipopeleka ROG Ally katika huduma ya ukarabati ya ASUS. Kifaa kilipelekwa kwa sababu ya kijiti cha kuongozea. Jibu lililorudi lilikuwa na ankara ya karibu dola 200 kwa sababu ya alama ndogo kwenye ganda la nje, alama ambayo haikuwa na uhusiano wowote na kasoro iliyoripotiwa.

Baada ya kelele za umma, kampuni hiyo iliomba radhi na kutangaza kwamba itabadilisha utaratibu wake, ili mteja asidhani analazimika kulipia dosari za sura tu. Ni jambo la kupongezwa. Lakini ni wateja wangapi wenye sauti ya kusikika hivyo? Asiye na watazamaji hulipa akanyamaza.

Somo ni kwamba ripoti ya hitilafu, iwe ya mashine au ya binadamu, ina bei. Na anayeiandika mara nyingi siye anayeilipa.

Kutoka ukarabati hadi jela

Ikiwa msomaji bado anaona kwamba hili ni suala la vichezeo, basi na atazame Uingereza. Huko Shirika la Posta lilianza kutumia mfumo wa hesabu wa Horizon, uliotolewa na kampuni ya Fujitsu, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mfumo huo ulionyesha mapengo ya fedha katika vituo vidogo vya posta. Wasimamizi wa vituo hivyo waliapa kwamba hawakuiba, lakini mashine ilisema fedha hazipo.

Mashine ndiyo iliyoaminiwa. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi, ulaghai au kughushi hesabu. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika kwa kulipa mapengo ambayo hayakuwahi kuwepo.

Kundi la walalamishi 555 likiongozwa na Alan Bates lilifika Mahakama Kuu, na Desemba 2019 jaji akaamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuzua mapengo hayo. Mei 2024, Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi chini ya Sir Wyn Williams, iliyotolewa Julai 2025, ilisema kuwa huenda watu wasiopungua 13 walijitoa uhai kutokana na mkasa huo.

Kilichowaponza wanyonge hao ni kanuni moja ya kisheria. Hadi mwishoni mwa miaka ya tisini, sheria ya Uingereza ilimtaka anayeleta ushahidi wa tarakilishi katika kesi ya jinai aonyeshe kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kifungu hicho kilifutwa. Tangu hapo tarakilishi ikachukuliwa kuwa nzima hadi mshtakiwa athibitishe vinginevyo, ilhali mshtakiwa hakuwa na ruhusa hata ya kuifungua. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilianza kukusanya maoni kuhusu kubadilisha kanuni hiyo.

Tofauti kati ya msimamizi wa posta na kijana mwenye ROG Ally ni ya uzito wa adhabu. Mantiki ni ile ile. Mashine imesema, mwenye mashine amesadiki, na anayekana ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Kupuuza kila kitu nako si dawa

Hata hivyo, ingekuwa hatari kuhitimisha kwamba ripoti zote za hitilafu ni porojo. Betri iliyovimba ni betri iliyovimba. Diski inayopoteza faili leo huenda isiwashe kesho.

Wala madhara ya ripoti za uongo hayaishii kwenye fedha zinazopotea. Madhara makubwa zaidi ni kwamba zinawafundisha watu kutosikia. Mwaka wa 2013, taasisi inayokagua hospitali nchini Marekani, Joint Commission, ilitoa tahadhari kuhusu wauguzi kuchoshwa na milio ya mashine za wodini, mingi ikiwa ya bure. Ilihesabu visa 98 vilivyohusiana na milio hiyo kati ya Januari 2009 na Juni 2012, ambapo wagonjwa 80 walifariki.

Wauguzi hao hawakuwa wazembe. Walikuwa wamelizwa masikio mara nyingi kwa jambo lisilokuwepo, hata jambo lilipokuja kuwepo, mlio ukawa kama kelele za barabarani. Kila ujumbe wa uongo huiba kiasi fulani cha imani ambayo ujumbe wa kweli utaihitaji.

Sisi tuko wapi?

Humu nchini, suala hili lina uzito wa aina yake. Mkenya anayeagiza kifaa kama hiki kutoka ng'ambo huweza kujikuta na dhamana isiyotambuliwa hapa. Kukirudisha kwa muuzaji ni gharama ya usafiri na ushuru, na ni majuma ya kungoja. Hivyo ripoti moja ya uongo humgharimu zaidi kuliko inavyomgharimu mnunuzi wa Marekani aliye karibu na duka.

Halafu kuna wanaonunua vifaa vilivyokwishatumika. Hapa ripoti ya uchunguzi huwa kama cheti cha ng'ombe mnadani. Muuzaji huionyesha ikiwa nzuri, mnunuzi huitumia kushusha bei ikiwa mbaya. Ikiwa cheti chenyewe kinapotoka, wote wawili wanauziana mbuzi kwenye gunia.

Si kwamba hatuna sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, habari zinazohitajika ili anufaike nazo, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza kumwambia mteja kwamba anahitaji ukarabati au kipuri ilhali hahitaji. Mamlaka ya Ushindani Kenya ina jukumu la kupokea malalamiko kuhusu madai ya kupotosha.

Lakini sheria hizo zinamfikiria mwongo ambaye ni mtu. Fundi akisema, "Si mimi, ni mashine iliyosema," mteja atamshika nani? Jibu linalofaa ni kwamba anayeuza ukarabati kwa kutegemea ripoti ya mashine ameifanya ripoti hiyo kuwa kauli yake mwenyewe. Asiweze kujificha nyuma ya skrini.

Sheria yetu ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inataka rekodi za tarakilishi zinazopelekwa mahakamani ziambatane na cheti, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Hilo ni afadhali kuliko kanuni iliyowaponza Waingereza. Hata hivyo, anayetia saini cheti hicho ni mtu mwenye wadhifa katika uendeshaji wa mashine hiyo hiyo. Yale ya Horizon yanatuonya kwamba saini ya mwenye mashine pekee haitoshi.

La kufanya

Kwa mwenye kifaa, hatua za kwanza hazihitaji pesa. Ajiulize kama kuna dalili yoyote katika matumizi ya kawaida, mbali na maandishi kwenye skrini. Akizime na kukiwasha upya, asasishe programu, ajaze chaji, kisha arudie uchunguzi kifaa kikiwa kimepoa. Hitilafu ya kweli hurudi. Ya uongo mara nyingi hubadilika au hutoweka.

Iwapo itarudi, atafute ushahidi wa pili ulio tofauti na wa kwanza. Kadi isiyosomeka ijaribiwe katika kifaa kingine, na kadi nyingine ijaribiwe katika kifaa hicho. Jaribio hilo la dakika mbili huonyesha mkosaji ni nani kuliko ripoti ya kurasa kumi.

Kwa fundi, mteja aulize maswali matatu kabla ya kutoa hata shilingi: umeionaje hitilafu hii, ni kipi kitakachobadilika ukishatengeneza, na je, nitapewa kipuri kilichotolewa? Fundi mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo.

Kwa kampuni, wajibu ni mkubwa zaidi. Ujumbe ambao muundaji anajua kuwa hauna maana hauna haki ya kuandikwa kwa rangi nyekundu. Programu ya uchunguzi yafaa iseme ilichopima, kiwango ilichotumia na uwezekano wa kukosea, badala ya kutoa neno moja la hukumu. Na pale ambapo ripoti imemfanya mteja alipie ukarabati usiohitajika, kampuni ndiyo irudishe fedha hizo.

Serikali na mamlaka za kulinda watumiaji nazo zisingoje hadi pawe na Office Depot ya hapa kwetu. Kupeleka tarakilishi mpya katika maduka kadhaa na kuona yatakayosemwa hakuhitaji bajeti kubwa. Waandishi wa kituo kimoja cha televisheni waliweza.

Wahenga hawakukosea waliposema lisemwalo lipo. Walikuwa wakizungumza kuhusu watu wanaoishi pamoja, wanaojuana, na ambao uvumi wao hutoka mahali fulani. Tarakilishi haina jirani wala haioni haya. Inaposema kitu kimeharibika, hilo liwe mwanzo wa uchunguzi, na mfuko ubaki umefungwa hadi pale mtu mwenye jina lake atakapokuwa tayari kusimama na kusema kwamba ameliona kwa macho yake.